Kihindi cha Kazi katika Nchi ya Ukambani

Reli ya zamani itokayo Mombasa huingia Makueni kwa Mtito Andei, ikapita Kibwezi na Makindu, kisha Emali na Sultan Hamud. Reli hiyo ilijengwa tangu 1896 hadi 1901, na wafanya kazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. Wengi walirudi kwao. Karibu 6,700 walibaki. Mjini Kitui reli haikufika, lakini maduka ya Wahindi yalifika.

Hivyo maneno kama pesa, gari, gunia, laki na chapati yakawa mali ya kila mtu. Lakini hayo ni majina ya vitu tu. Mchukuzi aliyebeba magunia miaka kumi aliweza kuyajua yote, pamoja na “jaldi”, yaani haraka, asiweze hata hivyo kumweleza tajiri wake anafanya nini. Ajuaye amri peke yake hana la kujibu anapoulizwa.

Jibu lenyewe si gumu. “Men kaam kar raha hun” maana yake ni “Ninafanya kazi”. Herufi n ya “men” na ya “hun” hupitishwa puani. “Kaam” ni kazi, “kar” ni fanya. Neno “raha” humchekesha Mswahili, kwa kuwa hulikuta katikati ya jasho; lakini raha ya Kihindi yatokana na kukaa au kubaki, nayo huonyesha kwamba tendo lingali likiendelea, kama vile -na- yetu. Anayekwenda husema, “Men ja raha hun.”

Hapa ndipo wengi hukosea. Kiswahili na Kikamba havibagui mwanamume na mwanamke katika kitendo, bali Kihindi hubagua. Mwanamke apikaye chakula husema, “Men khana paka rahi hun”, wala hamtaji paka yeyote. Mama aliyejifunza kwa kumsikiliza mumewe tu atajiita mwanamume kila afunguapo kinywa.

Heshima nayo ina mahali pake. Rafiki wa rika moja huulizwa, “Tum kya kar rahe ho?” Mzee huulizwa, “Aap kya kar rahe hen?” Mkamba aliyelelewa vema hatalishangaa jambo hilo.

Mahali pema pa kujaribu ni hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa 1926 kando ya njia kuu. Msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo, mradi avue viatu na kufunika kichwa. Lugha ya wenyewe ni Kipunjabi, ndugu wa karibu wa Kihindi, na salamu yao ni “Sat Sri Akal”. Chai ikiisha kumiminwa, mgeni akisema “Men chai pi raha hun”, au “pi rahi hun” akiwa mwanamke, ataeleweka.