Kaseti ya JB Mpiana na ugomvi wa nyumba yetu

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Nina habari ya kaseti moja.

Mwaka 1997 JB Mpiana alitoa albamu yake mwenyewe, Feux de l'amour. Alikuwa bado ndani ya Wenge Musica, bendi iliyozaliwa Kinshasa mwaka 1981, na wenzake walimpigia humo. Albamu ilipendwa sana, ila jina la mbele lilikuwa la mtu mmoja. Mwaka haukuisha, Wenge ikapasuka. JB akabaki na Wenge BCBG. Werrason, Didier Masela na Adolphe Dominguez wakaunda Wenge Musica Maison Mère. Mwaka 1998 huku ikatoka Titanic, kule Force d'intervention rapide.

Kwetu Mulongwe nasi tuligawanyika. Yaya wangu alikuwa wa JB, mimi wa Werra. Ulikuwa mzaha wa vijana, mpaka vita vya Agosti 1998 vikatukuta. Tukavuka ziwa kwa boti hadi Kigoma, kisha kambi ya Nyarugusu. Yaya alibeba shati moja na kaseti ile.

Kambini tulitengeneza redio pamoja, mimi na yeye, tukigawana faida. Siku moja nikamkuta amefungua kibanda chake peke yake, jina lake limeandikwa juu ya mlango. Nikamwambia mbele ya watu: "Wewe ni JB, umetuvunja." Tukakaa karibu miaka miwili bila kusalimiana, na nyumba zetu za udongo zilitazamana.

Mama alipougua, dawa zililipwa na kibanda kile. Tuliporudi Uvira, cha kuanzia kilitoka humo humo. Mimi nilikula matunda ya kitu nilichokilaani.

Sasa nafikiri hivi: mtu kutoka na kazi yake mwenyewe si kosa. Kosa letu ni kwamba yeye hakuniambia mapema, nami sikumwuliza. Hatukuketi.

Tarehe 30 Juni 2022, watu wa Wenge walipanda jukwaa moja tena, Stade des Martyrs, Kinshasa. Usiku ule yaya alinipigia simu kutoka Bujumbura. Akauliza kama kaseti bado ninayo. Nikamjibu kwamba utepe umekatika, lakini ninayo. Tulicheka, kisha nikamwomba msamaha niliokuwa nao mdomoni miaka yote hiyo.

Ninawaandikia haya kwa sababu katika familia zilizokimbia nasikia maneno yale yale: kijana amevuka mpaka kutafuta maisha, wazazi wanasema ametutupa. Mama, baba, mpigieni kwanza. Nawe kijana, kabla ya kuandika jina lako juu ya mlango, waage wenzako.