Hakuna Siri Kwenye Viungo vya Pizza, Lete Kinu Nikuonyeshe

Leo nina jambo moja tu, na nitalimwaga lote.

Kuna dada mmoja maarufu huko Insta, jina naweka kapuni maana sitaki kesi. Anauza kipakiti cha viungo vya pizza, kidogo kama kile kisabuni cha gesti, kwa Sh 15,000. Chini ya picha anaandika kwamba ni siri aliyopewa na Mwitaliano. Watu wa Songea nao wanatuma hela, wanasubiri basi kutoka Dar, wanalipia mzigo, halafu wanakiposti hata kabla hawajakifungua. Sina ugomvi naye, kila mtu na riziki yake. Ila hilo neno siri ndilo lililonikaa kooni. Kile kipakiti nimekisoma mbele na nyuma, na kila kilichoandikwa pale kinakauka jikoni kwangu hapa Matogoro muda huu ninaoandika.

Kwa asiyepajua, Matogoro ni pembeni mwa mji wa Songea, chini ya milima ya msitu ambako mto Ruvuma unaanzia safari yake ya kwenda Bahari ya Hindi. Kuna baridi, kuna chuo cha ualimu, na kuna wanachuo wenye njaa. Hao ndio wateja wangu. Ijumaa na Jumamosi jioni naoka pizza nyumbani kwa mkaa, moto juu moto chini, sina oveni ya umeme. Hela hiyo ndiyo inayomlipia ada mdogo wangu wa kiume. Kwa hiyo ukiniuliza habari za viungo, mimi naona ada.

Tuanze na huyo Mwitaliano. Pizza tunayoijua ilitokea Naples, na ufundi wa wapishi wake UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017. Sasa angalia pizza zao mbili za asili. Marinara ina nyanya, kitunguu swaumu, oregano na mafuta ya zeituni, basi. Margherita ina nyanya, jibini, majani mabichi ya mrehani na mafuta. Siri iko wapi hapo? Na sisi wenyewe hatujawahi kusubiri ruhusa. Nenda Forodhani pale Zanzibar uone chapati nyembamba inavyojazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, inakunjwa, inakaangwa juu ya chuma na inaitwa pizza. Watu wanapanga foleni.

Kitu cha maana ni kujua kila jani linafanya kazi gani. Oregano, mrehani, thaimu na rozimari zote ni familia moja na nanaa, ndiyo maana zinaelewana. Oregano ndiyo ile harufu inayokuambia hapa kuna pizza, na bahati nzuri haipotezi nguvu ikikauka. Mrehani unaleta utamu fulani puani, lakini ukikauka unapoteza harufu nyingi, kwa hiyo unawekwa kwa wingi. Thaimu inaziunganisha hizo mbili. Rozimari ina ubabe, ukizidisha pizza inanuka kama mti wa msindano. Kitunguu swaumu kinaleta uzito, pilipili inaamsha ulimi.

Kupata vitu hivi huku wala siyo kazi. Kitunguu swaumu, pilipili kichaa na pilipili manga vipo sokoni mjini. Mrehani watu wanaotesha mlangoni kwa ajili ya harufu tu. Rozimari utaikuta kwenye bustani za watu. Oregano na thaimu ndizo zilizonisumbua, mpaka sista mmoja mtunza bustani akanikatia vitawi viwili vitatu. Huku kwetu masista na bustani zao siyo wageni, Wabenedikto wapo Peramiho tangu 1898. Nilitaka kumlipa akakataa. Akaniambia, "Vikishika, na wewe mkatie mwenzako." Nikavitia kwenye ndoo mbovu yenye udongo na mchanga. Vikashika.

Kukausha ndiko kwenye utaalamu wenyewe. Mvua zetu Ruvuma ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili hivi. Wakati huo usijisumbue, majani yatakuotea ukungu. Mimi navuna kuanzia Mei. Nakata asubuhi umande ukishakauka, kabla mmea haujatoa maua, hapo ndipo harufu imejaa. Nafunga vishada vidogo na kuvining'iniza ndani, mahali penye hewa, mbali na moshi. Jua kali hapana! Jua linakausha haraka lakini linaondoka na harufu yako. Mrehani nautandaza kwenye ungo, majani yasilaliane, maana yana maji mengi na yanaweza kuwa meusi. Kwa baridi hii ya Julai inaweza kufika hata wiki mbili. Likunje jani. Likivunjika na kulia kama karatasi, tayari. Likipinda, subiri.

Kitunguu swaumu nakikata vipande vyembamba, nakikausha kwenye sinia juu ya jiko lililobaki na majivu ya moto, kisha natwanga na kuchekecha. Halafu sikilizeni hapa, hili siyo la mzaha. Usichukue kitunguu swaumu kibichi ukakiloweka kwenye mafuta na kukiacha kabatini siku kadhaa. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria wanaopenda hivyo hivyo, sumu yao inaua. Kwenye kopo hili kila kitu kiwe kikavu kabisa.

Haya, kalamu na karatasi:

Oregano kavu, vijiko 3 vya chakula.
Mrehani mkavu, vijiko 3 vya chakula.
Thaimu kavu, kijiko 1 cha chakula.
Kitunguu swaumu cha unga, kijiko 1 cha chakula.
Rozimari kavu iliyotwangwa, kijiko 1 cha chai.
Pilipili kichaa kavu iliyopondwa, kijiko 1 cha chai, au nusu kama una wageni waoga.
Pilipili manga, nusu kijiko cha chai.

Rozimari itwangwe peke yake kwanza, ni ngumu kama sindano. Majani mengine yafikiche kwa vidole tu, yasiwe vumbi. Changanya, tia kwenye chupa ya kioo iliyokauka, funga, weka mbali na mwanga na joto la jiko. Miezi sita itakuwa bado inanukia. Umeona sijaweka chumvi? Jibini ina chumvi, donge lina chumvi, ukiongeza na hapa utakunywa maji usiku kucha.

Pizza moja ya kushiba watu wanne inataka kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Nusu naitia kwenye mafuta ya alizeti yenye joto kidogo, nusu dakika tu, kisha namwagia nyanya. Nusu iliyobaki nanyunyiza chini ya jibini. Nasema chini, kwa sababu sisi wa mkaa wa juu tukiyaweka majani juu yanaungua na kuwa machungu.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Mwezi wa tano alikuja mama mmoja jirani, mtu mzima. Anauza maandazi asubuhi kwa wanachuo hao hao wangu. Mzee wake alishatangulia, na ana wajukuu wawili wanaomtegemea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na shida. Hicho unachonyunyizia mpaka njia nzima inanukia, nifundishe. Nataka nioke mkate wa nyanya na kitunguu, niukate vipande, kipande Sh 1,000. Maandazi siku hizi kila nyumba inauza."

Nikamkaribisha kiti, nikampa chai, lakini kichwani nilikuwa napiga hesabu. Pizza yangu nzima ni Sh 14,000, wanachuo wanachanga wanne wanne. Aliyekula kipande cha buku Alhamisi, Ijumaa atachanga? Nikamwambia mama nipe siku mbili.

Usiku mdogo wangu aliposikia alikuwa mkali. "Dada, ukimpa hicho kikopo umempa na ada yangu." Sikumjibu, maana hakuwa anasema uongo. Rafiki yangu mmoja akanishauri nimpe nusu, nimfiche oregano, mkate wake usinukie. Mjini wanaita ujanja huo. Nikajaribu kujiona nikimwamkia yule mama kila asubuhi huku najua nimemdanganya.

Kilichonimaliza ni ile kauli ya sista. Oregano siyo yangu. Nilipewa bure na maagizo yake yakiwa wazi. Ningeitaje siri yangu kitu ambacho mwenyewe aliyenipa alikataa kukiita siri?

Nikamwita mama. Nikamkatia vitawi, nikampa vipimo vyote, hivi hivi mlivyovisoma. Ila mimi siyo malaika, niliweka sharti moja. Ijumaa na Jumamosi jioni ziwe zangu, siku nyingine zake. Akacheka, akasema, "Hilo ni haki, mwanangu." Na mpaka leo hajavunja.

Je, nimepoteza? Ndiyo. Ijumaa nilizoea oda kumi, sasa ni saba, wiki nyingine sita. Ada ya muhula huu tumelipa kwa mafungu mawili, na mdogo wangu alininunia wiki nzima. Sitawadanganya kwamba ukitoa unarudishiwa mara mia.

Lakini kuna kitu nilikipata ambacho hakipo kwenye kipakiti chochote. Yule mama amekanda unga kabla mimi sijazaliwa. Aliona donge langu linavyogoma kuumuka kwenye baridi ya Juni, akanifundisha kuwasha hamira kwa maji ya uvuguvugu, kulifunga bakuli kwa kitenge na kuliweka pembeni mwa jiko, siyo mezani. Donge lililokuwa linanichelewesha mpaka usiku sasa linaumuka kabla wateja hawajaanza kupiga simu. Zile oda saba zinatoka kwa wakati na mkate wake ni laini. Juzi mwanachuo mmoja kaniuliza nimebadilisha unga wa aina gani. Na mdogo wangu, aliyenuna, ndiye siku hizi anageuza majani kwenye ungo, tena ananigombeza nikiyalaza vibaya.

Viungo ni vitu saba vya kuhesabu, yeyote anaweza. Kinachowarudisha watu mlangoni kwako ni mkono wako, usafi wako na kuwahi kwako. Hivyo huwezi kumpa jirani hata ukitaka, na hawezi kukuibia. Kwa hiyo mtu akikuuzia siri kwa Sh 15,000, geuza pakiti usome nyuma kwanza.

Haya semeni ukweli, msijifanye watakatifu hapa. Mama jirani angekuja kwako, mwenye wajukuu wawili, na wewe una ada ya kulipa, ungempa vipimo vyote au ungemficha oregano?