Santuri ya Mtu Mmoja

Msomaji, kama una haraka, santuri ninayotaka kukusimulia haitakufaa. Ina vipande viwili tu, na kila kimoja huchukua kiasi cha dakika 21. Jina lake ni Return to Ommadawn, na mtungaji wake ni Mwingereza Mike Oldfield, aliyeitoa Januari 2017 akiwa na umri wa miaka 63.

Niliipata kwa rafiki niliyesoma naye katika chuo cha ualimu. Aliniletea jioni moja nilipokuwa nikisahihisha insha, nami nikakubali kuisikiliza kwa adabu tu. Muziki wa roki niliuhesabu kuwa kelele za umeme. Nilikuwa nahukumu nisichokijua, kosa ambalo nawakanya wanafunzi wangu kila siku.

Sauti zilizonipokea zilikuwa za upole. Gitaa lilisema jambo, filimbi ikalipokea, kisha mandolini ikalirudia kwa namna nyingine, kama wazee watatu wanaokumbushana habari ya zamani. Ngoma zilipoingia, kalamu yangu nyekundu ilikuwa imekwisha kulala mezani.

Ajabu ni kwamba wazee wale wote ni mtu mmoja. Oldfield alipiga mwenyewe ala zipatazo 22, nyumbani kwake Nassau katika visiwa vya Bahamas. Mtu afanyaye kazi hiyo hurekodi ala ya kwanza, halafu huisikiliza huku akipiga ya pili juu yake, kisha ya tatu, hata upweke wake ukawa kundi zima. Ndivyo alivyotengeneza sehemu kubwa ya Tubular Bells, santuri iliyomtangaza mwaka 1973 akiwa kijana wa miaka 20.

Lakini santuri ya 2017 ni mtoto wa Ommadawn ya mwaka 1975. Hiyo aliirekodi katika nyumba yake karibu na Hergest Ridge, kilima kilicho mpakani mwa Uingereza na Welisi. Mapema mwaka ule mama yake alifariki. Kisha ukaja msiba wa namna nyingine: utepe ulikuwa umepitishwa katika mashine mara nyingi mno, unga wake wa sumaku ukaanza kupukutika, na sauti zikapukutika pamoja nao. Ilimbidi aanze upya sehemu ya kwanza. Jina la santuri limetoka katika neno la Kiayalandi lenye maana ya mjinga, na nadhani wako waliomwona hivyo alipoketi kuanza tena.

Ngoma za santuri ile ya kwanza zilipigwa na Jabula, wanamuziki wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi uhamishoni mjini London. Hapa sitaficha maoni yangu. Katika santuri mpya ngoma amezipiga Oldfield peke yake, nami nazikosa sana zile za zamani. Mtu mmoja aweza kufanya mengi, ila jasho la watu wanne halifanani na la mmoja.

Sasa nikuambie kwa nini nilishindwa kulala usiku ule. Marehemu baba yangu alikuwa mpigaji wa gitaa kavu. Alikuwa na wimbo wake mwenyewe, usio na maneno, aliokuwa akiupiga uani baada ya chakula cha jioni. Nusu ya kwanza alinifundisha nikiwa mdogo. Nilipokuwa chuoni nilirudi nyumbani likizo moja, naye akaniita mara mbili tumalizie nusu iliyobaki. Mara zote mbili nilimjibu kwamba nimechoka. Sikuwa nimechoka, msomaji. Nilikuwa na kiburi cha vitabu. Hakuniita mara ya tatu, na kabla ya likizo nyingine kufika tulimzika.

Kwa miaka mingi gitaa lake lilining'inia ukutani kwangu, wala sikumruhusu mtu kuligusa. Niliita jambo hilo heshima. Usiku ule, nikimsikia mzee yule akiurudia muziki aliofanya ujanani, wala asiunakili bali auendeleze alipouachia, nilitambua kwamba ilikuwa hofu.

Nililishusha. Uzi mmoja ulikuwa umekatika na mbao zilikuwa zimejaa vumbi. Jumamosi nilikwenda mjini kununua nyuzi, nikakaa uani, nikaipiga ile nusu ninayoijua. Vidole viliniuma. Binti yangu alikuja akasikiliza, na nilipofika pale ninapoishia, akauliza, "Baba, halafu?"

Nilimwambia aketi, bado natafuta.