Thumni ya Mjane



Nimeombwa niandike habari za darasa la Jumamosi linalofanyika sebuleni kwangu, hapa Kingsbury. Naona nieleze kosa langu moja, huenda likawafaa wengine.

Mirathi nilisoma chuoni, hesabu nikazisoma sekondari. Baada ya kustaafu nilijifunza kuandika programu kwa lugha ya Python, nikatunga programu ndogo ya kugawa mirathi ili wajukuu waelewe. Mfano wetu ulikuwa huu: marehemu ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja; madeni yamekwisha kulipwa, zimebaki pauni 24,000. Mke hupata thumni, yaani 3,000. Katika 21,000 zilizobaki, mwana hupata 14,000 na binti 7,000.

Niliandika pia skripti ya majaribio, yaani programu ya kuikagua ile ya kwanza. Iliuliza jambo moja tu: mafungu yote yakijumlishwa, yanatimia 24,000? Katika kompyuta yangu mpya yalitimia. Katika kompyuta kongwe wanayotumia watoto yalitimia vilevile. Nikaridhika.

Mjukuu wangu ndiye aliyesoma fungu moja moja. "Babu," akasema, "mbona mke hakupata kitu? Ukifa wewe, bibi atakula nini?"

Nikatazama. Mwana 16,000, binti 8,000, mjane sifuri. Jumla ni 24,000 barabara.

Kompyuta kongwe ilikuwa na Python 2. Humo, ukigawa 1 kwa 8, desimali hutupwa na jibu huwa 0. Katika Python 3, iliyotoka Disemba 2008, jibu ni 0.125. Programu ingegoma kabisa ningejua mapema. Lakini ilifanya kazi kimya kimya, ikamdhulumu mjane.

Utunzaji wa Python 2 ulikoma tarehe 1 Januari 2020, na wako walioniambia niitupe mashine ile. Lakini watoto wanaitegemea, wala haijaunganishwa na intaneti. Nikaongeza mstari mmoja juu kabisa ya programu: from __future__ import division. Mstari huo huifanya Python 2 igawe kama Python 3, nayo Python 3 huupokea bila ugomvi. Skripti ya majaribio nayo sasa hukagua fungu la kila mrithi, na lazima ifaulu katika mashine zote mbili kabla ya darasa.

Ndugu zangu, mjane wetu alikuwa wa mfano tu, lakini katika jamaa zetu wajane wa kweli wapo, na siku hizi wengi hugawa mirathi kwa simu. Msitosheke na jumla. Hesabuni fungu la kila mtu kwa mkono, kisha mpelekeeni shekhe alihakikishe.

Wabillahi tawfiq.