Deni la Sentensi Moja

Doña aliporudi kazini, mama yake akiwa ameshazikwa Honduras bila yeye kuwepo, mimi nilikuwa na siku 214 mfululizo kwenye programu ya simu ya kujifunza Kihispania. Nilijua kusema kwamba paka anakunywa maziwa na kwamba tufaha ni jekundu. Wenzangu wa jikoni walimwendea mmoja mmoja, wakamkumbatia, wakamwambia maneno. Zamu yangu ilipofika nilisimama na sinia mkononi, nikasema, "Pole." Kwa Kiswahili. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akarudi kwenye karoti zake.

Nilianza Kihispania nikiwa na miaka 33, hapa Houston, kwa sababu katika hoteli ninakoosha vyombo usiku, utani wote wa jikoni ni wa Kihispania. Kwa mtu mwenye shahada, aliyezoea kuwa msemaji, inauma kucheka baada ya wengine kucheka.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Irabu zao ni zile zile zetu tano. "Mesa" ni meza na "bandera" ni bendera, kwa kuwa maneno hayo tuliachiwa na Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, na Kireno ni ndugu wa Kihispania. "Aceituna" ni zeituni, maana Kiarabu kilipita kwao kama kilivyopita kwetu. Nikajipa miezi sita.

Kisha vikaja vitenzi vya wakati uliopita. "Comí" ni nilikula, mara moja, yakaisha. "Comía" ni nilikuwa nikila, siku zote zile. Kila nilipofungua mdomo nilichagua kisicho chenyewe. Nikaacha kufungua mdomo. Programu sikuiacha: wakati wa mapumziko nilijifungia chooni na kubonyeza picha za matunda ili tu namba isikatike.

Baada ya usiku ule wa "pole", nilimwomba mwenzangu mmoja anifundishe maneno yanayofaa. Aliniandikia kwenye kipande cha boksi: "La acompaño en su dolor." Nakusindikiza katika uchungu wako. Nilikariri siku tatu mbele ya sinki, mvuke usoni, kisha nikamwendea doña, nikiwa nimechelewa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Dolor, mijo," akasema, akikaza silabi ya mwisho. Mimi nilikuwa nimekaza ya kwanza, kama Mswahili yeyote ambavyo angefanya. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini alingoja nirudie. Nikarudia. "Mijo" maana yake mwanangu.

Tangu siku hiyo ananipa swali moja kila tunapoachana alfajiri, nami namletea jibu usiku unaofuata. Nilikula nini nikiwa mtoto? Kwetu kuna mvua? Programu ilikatika siku ya 231, na nilikuja kugundua wiki nzima baadaye.

Rafiki zangu wanaojifunza lugha ukubwani huniuliza napata wapi ari. Mimi ari ilikuwa ikiniisha kila nilipofikiria kukijua Kihispania chote. Siku hizi nafikiria jibu la kesho tu, kwa sababu yupo mtu anayelisubiri, na nikienda mikono mitupu ataniuliza.

Mwezi uliopita nilipata maneno ya kumweleza kwamba mama yangu naye alizikwa Singida nikiwa huku huku, nikitazama mazishi kwenye simu. Hakusema kitu. Alinimiminia kahawa. Tulipokuwa tunavua aproni akauliza, "¿Cómo era tu mamá?" Mama yako alikuwaje?

Nilibaki nimeduwaa. Jibu lake linataka wakati ule ule nilioukimbia, wa mambo yaliyokuwa yakitendeka siku zote: alikuwa akiimba, alikuwa akipika, alikuwa akicheka peke yake.

"No sé decirlo," nikasema. Sijui kulisema.

"Mañana, pues," akajibu. Basi, kesho.

Mpaka sasa nimempelekea sentensi nne. Ya tano, ile ya kicheko, ninayo kwenye kipande cha boksi mfukoni, na zamu inaanza saa nne usiku.