Siku Ngapi Majini?

Wako wanaolitamka neno “chakula cha asili” kwa fahari, na wako wanaolitamka kwa haya. Haya hiyo niliiona Kalemie, katika mgahawa mdogo kando ya Ziwa Tanganyika, tulipokwenda huko walimu wachache kwa mafunzo. Palipikwa vyakula vya kwetu tu: bugali wa muhogo, sombe yenye mawese, mikebuka ya kuchoma, na wali. Kijana mmoja wa meza ya jirani alimwambia mpishi: “Mama, hiki ni chakula cha kijijini. Hakuna kingine?” Mama yule aliiondoa sahani bila kujibu.

Tukitazame basi chakula hicho. Muhogo haukuzaliwa Afrika. Wareno waliutoa Amerika ya Kusini, wakaufikisha pwani ya Kongo katika karne ya 16. Mpunga wa Maniema uliletwa na misafara ya watu wa pwani ya mashariki katika karne ya 19. Walivuka ziwa hilohilo, wakashukia Mtowa, wakapita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe. Njia iliyoleta mbegu ndiyo iliyowapeleka babu zetu utumwani. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, watu wa wafanyabiashara hao waliwapiga risasi wauzaji na wanunuzi, wengi wao akina mama. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni.

Chakula hicho kimekuwaje chetu, basi? Kwa kazi ya wazee wetu. Muhogo mchungu una sumu. Bibi zetu walijua kuuloweka siku kadhaa, kuuanika na kuutwanga. Majani ya sombe nayo waliyatwanga na kuyachemsha kwa muda mrefu. Anayeikatisha kazi hiyo kwa haraka au kwa njaa aweza kuilemaza miguu ya watoto na ya mama zao. Mpunga nao, ulioingia pamoja na minyororo, waliulima hata ukawa chakula cha arusi na cha matanga. Minyororo waliikataa, mbegu waliipanda.

Elimu hiyo sasa imo hatarini. Vita vimewang’oa wengi katika vijiji vyetu, na watoto wao wamekulia mjini kwa unga wa kununua. Bibi wanaoijua vema kazi ya muhogo wanapungua kila mwaka, na hakuna daftari walimoiandika.

Kwa hiyo nawapa kazi ndogo. Jumapili hii, kila mmoja aende kwa bibi yake, au kwa bibi wa jirani, amwulize: muhogo hukaa siku ngapi majini wakati wa mvua, ngapi wakati wa kiangazi, naye hutambuaje kwamba umekuwa tayari? Andikeni majibu yake. Tena msikilize mkiwa mnamsaidia kutwanga, kwa maana mambo mengine huyasema mikono yake tu. Na popote mtakapoandaliwa chakula, mpishi asikie kwanza neno “aksanti”.