Karatasi Inayotangulia Talaka

Ukitaka kujua jinsi ndoa zinavyovunjika katika jiji letu la Dar es Salaam, kaa nusu siku kwenye mabenchi ya mahakama, Kinondoni au Temeke, uwaangalie watu wanaotoka chumbani kwa hakimu. Kazi hii ya kalamu imenikalisha kwenye mabenchi hayo mara nyingi. Wengi ninaowaona wakitoka wamejiinamia wana haki tele mikononi mwao. Kilichowaangusha ni karatasi.

Mfikirie dada mmoja wa Mbagala, mama wa watoto watatu, muuza vitumbua, ambaye jina lake nalihifadhi. Mumewe alihama nyumbani, akapanga chumba Mwananyamala, na tangu mwezi ule hakuleta hata kilo moja ya sembe. Dada huyu alifuata kila alilofundishwa na jamaa zake. Aliwaita wazee wa pande zote mbili. Wakakaa kikao mpaka usiku, wakashindwa. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaandikiwa barua nzuri yenye mhuri. Akaiambatanisha barua hiyo na cheti cha ndoa, akafungua shauri la kuomba talaka na matunzo. Shauri likaitwa, likaahirishwa, likaitwa tena, na nauli za daladala zikala mtaji wa vitumbua. Siku aliyotegemea kusikia hukumu, akaambiwa kwamba shauri limeondolewa mahakamani kwa kuwa halikuwa na hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.

"Na hii je?" aliuliza, akiinyanyua barua yake. Akajibiwa kwa upole kwamba hiyo ni barua tu.

Yaliyomkuta dada huyu yametokana na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ile iliyoziweka ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za bomani chini ya paa moja. Kifungu chake cha 101 kinakataza mtu kufungua shauri la talaka kabla ugomvi haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi, na Baraza hilo likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Kikao cha mashangazi na wajomba, hata kikiwa na hekima namna gani, si Baraza. Mwenyekiti wa mtaa naye si Baraza. Baraza ni chombo kilichoundwa kisheria katika kata, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, au ni lile la jumuiya, kama vile ya dini, lililokubaliwa kisheria. Mawakili hawaruhusiwi kusimama mbele yake. Na kwa kawaida Baraza linalohusika ni la kata anakoishi mume. Kwa hiyo dada yetu wa Mbagala, ambaye alikuwa tayari kukimbilia ofisi ya kata yake kesho yake asubuhi, ilimpasa avuke jiji mpaka Mwananyamala.

Hati yenyewe nayo ina masharti yake. Baraza halina budi kuwaita mke na mume, kumpa kila mmoja nafasi ya kusema, kisha kuandika lilichokiona. Hati isemayo tu kwamba "wanandoa hawa wameshindwana, mahakama iwasaidie" ni mwaliko wa pingamizi. Tena hati huchakaa: shauri hufunguliwa kabla ya miezi sita kupita tangu ilipotolewa. Nimewaona watu waliozifungia hati zao sandukuni wakingoja mume abadili moyo, na walipozitoa zilikuwa zimekwisha nguvu.

Yumkini utasema kwamba haya ni mambo ya mahakama za chini na makarani wakali. La. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ilipoketi Mtwara mwaka 2020, ilieleza kwamba sharti la kifungu cha 101 ni la lazima, hata kwa ndoa za Kiislamu ambazo mume amekwisha kutamka talaka. Kutamka peke yake hakuipi mahakama njia ya kuruka Baraza. Na shauri likianguka huko juu, huanguka pamoja na yote yaliyojengwa juu yake chini: mgawanyo wa nyumba, malezi ya watoto, matunzo. Watu hurudi kwenye kizingiti walichotoka, wamezeeka kwa miaka kadhaa.

Kwa maoni yangu, sharti hili ni la busara kwa ugomvi wa kawaida wa nyumbani, lakini ni zito mno kwa mke anayepigwa, anayetakiwa kuketi meza moja na mtu anayemwogopa. Sheria yenyewe iliacha milango kadhaa. Hulazimiki kupitia Barazani ikiwa mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, au yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi katika miezi sita, au amefungwa kifungo kisichopungua miaka mitano, au pana mazingira ya pekee ambayo mahakama yenyewe itaridhika nayo. Mwenzako akiitwa na Baraza akakataa makusudi kufika, hilo pia ni mlango. Lakini hakikisha wito ule umeandikwa na kuwekwa kwenye jalada. Maneno ya "tulimpigia simu, akakata" hayatoshi.

Sasa nije kwenye matunzo, maana hapa ndipo watoto hulala na njaa bila sababu. Wanawake wengi huamini kwamba ni lazima wapate talaka kwanza ndipo wadai chakula. Sivyo. Mke aliyetelekezwa, au ambaye mumewe anakataa kumtunza, aweza kuiomba mahakama iamuru matunzo ndoa ikiwa bado ipo, na kifungu cha 101 kinazungumzia talaka. Na wewe uliyeishi na mwanamume miaka miwili au zaidi, majirani wakiwajua kuwa mke na mume, bila harusi wala cheti, usidhani huna mlango. Hata mahakama ikiona hapakuwa na ndoa halali, sheria inakuruhusu kuomba matunzo yako na ya watoto. Waume nao wasione haya: mke mwenye uwezo anawajibika kumtunza mume asiyeweza kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au kuumia.

Wanaoomba talaka na matunzo pamoja husahau kuandika kiasi wanachotaka. Sheria inadai kwamba, pasipo makubaliano, mwombaji aeleze mapendekezo yake. Hakimu hupima uwezo na mahitaji ya kila upande, na hatakisia mshahara wa mtu asiyemjua. Peleka ushahidi wa kazi yake au biashara yake, risiti za kodi ya nyumba na za shule, na ujumbe wa fedha alizokuwa akituma kwa simu.

Tangu mwaka 2021 kipo Temeke Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mashauri ya ndoa na mirathi, ambako mahakama za ngazi mbalimbali zimekusanywa mahali pamoja. Wasaidizi wa kisheria nao wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Waulize kabla hujafungua jalada.

Dada wa Mbagala ameanza upya. Safari hii ametanguliza ombi la matunzo, na Baraza la huko Mwananyamala limekwisha kumpelekea mumewe wito wa kwanza, kwa maandishi. Nakala yake ameikunja ndani ya daftari la mauzo ya vitumbua.